Maswali ya Wasomaji: Dubu wa Waslavi anaila asali au anaijua?

SWALI: Najifunza Kirusi. Mwalimu anasema medved, yaani dubu, ni "ajuaye asali", kwa kuwa vedat ni kujua. Rafiki yangu Mcheki anasema ni "mla asali". Nani kapatia? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Rafiki yako. Mwalimu amelikata neno pasipo pake: med + ved. Shina la kale la asali halikuwa med tupu, lilikuwa medu, na u hiyo ingali hai katika Kilithuania medus na Kisanskriti madhu. Kipande cha pili ni ed, kula. Medu ikikutana na ed, u inageuka v. Mswahili hahitaji kufundishwa jambo hili: ku + enda ni kwenda, mu + ana ni mwana. Basi v ile ni ya asali, kujua hakumo.

Usiamue kwa lugha moja; watazame na ndugu wa Kirusi, yaani lugha nyingine za Waslavi. Kicheki (medvěd) na Kikroatia (medvjed) zimelihifadhi vizuri. Kipolandi kimegeuza m ya mwanzo kuwa n: niedźwiedź. Kiukraine kimepindua vipande vyenyewe, vedmid, na ukikitazama peke yake utaapa kwamba mwalimu yuko sahihi.

Jina la kale la dubu lilikuwepo. Ndilo lililozaa arktos ya Kigiriki na ursus ya Kilatini. Waslavi walilipoteza, na wanaisimu wengi wanaona sababu ni mwiko: mnyama wa kutisha hatajwi, asije akaitika. Sisi tusio na dubu porini hatukupata shida hiyo, tulichukua dubb ya Waarabu tukatia irabu.

SWALI: Na verblyud, ngamia? Nasikia ni "azururaye sana".

JIBU: Hilo ni kosa la masikio, ila ni la zamani sana. Neno lilitoka kwa Wagothi, kabila la kale la Ulaya: ulbandus, "ngamia", ambalo kwa kawaida huunganishwa na elephas ya Kigiriki. Naam, tembo! Mnyama wa mbali akimbebesha mwenzake jina. Waslavi walipolipokea neno lisilo na maana kwao, wakalisikia kama vel, "kubwa, sana", na blud, "kupotea njia", wakalinyoosha lifanane na hayo. Kipolandi wielbłąd bado kina l ya kwanza. Kirusi, kwa kuchoshwa na l mbili katika neno moja, kikaifanya ya kwanza r.