Matone ya maji kwenye rangi ya modeli
Kaka, umeuliza kwa nini matone ya maji yanaruka pamoja na rangi ukipaka bawa la modeli yako ya ndege. Si ubovu wa eabrashi, hicho kifaa kidogo cha kupulizia rangi kwa hewa. Hewa ya Mwanza ina unyevu wa ziwa. Kompresa ikiibana, maji yanajitenga. Funga chujio la maji kwenye mpira wa hewa, na ukimaliza kazi fungua koki ya chini ya tangi yatoke. Rangi uizimue iwe kama maziwa, presha 15 hadi 20 psi (pauni kwa inchi ya mraba), tabaka nyembamba nyembamba.

Kuchakaza, yaani kuifanya modeli ionekane imetumika, ni baadaye, juu ya vanishi ya kung'aa iliyokauka kabisa. Na hiyo Short Empire yako, aina ya ndege-boti iliyokuwa ikitua majini Kisumu, masizi ya injini yaelekee nyuma ya bawa, madoa ya maji yabaki tumboni. Usizidishe lakini, ilikuwa ndege ya abiria ile.