Re: Watoto wa kikundi hawataki mazoezi, nifanyeje?

Mkuu umesema watoto wako wa miaka 7 mpaka 12 ukiwaambia wazunguke uwanja tu wanaanza kulalamika tumbo linauma. Mi siwalaumu, raundi zinaboa hata sisi wakubwa. Wape michezo ya kukimbizana, kuruka kamba, mbio za kupokezana vijiti, watahema bila kujua kama hayo ndo mazoezi yenyewe.

Ila angalia kitu kimoja, ile michezo ya "ukishikwa unatoka" inaua kikundi, maana wanaotoka mapema ni walewale wazito na wasio na mbio, yaani wanaohitaji kukimbia zaidi ndo wanakaa pembeni kuangalia wenzao. Badilisha sheria, aliyeshikwa aruke kamba mara kumi halafu arudi mchezoni.

WHO wanashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kujishughulisha mpaka moyo uende mbio, na si lazima zote kwa mkupuo, hata vipande vipande sawa. Angalau siku 3 kwa wiki kuwe na vitu vya kujenga misuli na mifupa, kuruka kunafaa sana hapo.

Na tafadhali pushapu zisiwe adhabu ya kuchelewa, wala usipime mtu uzito mbele ya wenzake (kuna makocha wanafanya hivi, sijui wanawaza nini). Waulize wazazi mapema nani ana pumu, mapumziko ya maji yawe mengi, na wewe mwenyewe ukimbie nao, usisimame tu na filimbi