Sauti tisa za "Because"

Ndugu, umeuliza kwa nini ninyi watatu mkiimba "Because" ya bendi ya The Beatles inatoka nyembamba, wakati nao walioiimba walikuwa watatu. Kwenye rekodi ile ya 1969 mnasikia sauti tisa. John Lennon, Paul McCartney na George Harrison waliimba pamoja, kila mmoja na sauti yake, kisha wakarudia mara mbili zaidi juu ya rekodi hiyo hiyo. Paul yuko juu, John katikati, George chini. Aliyepanga sauti ni George Martin, mtayarishaji wa muziki wao, na alizipanga vizuri mno!

Kwa hiyo jirekodini mara tatu, kila mtu ashike sauti yake ile ile. Msinakili rekodi moja mara tatu kwenye kompyuta: nakala zinafanana kabisa, mtapata sauti kubwa tu, si nene. Unene unatokana na tofauti ndogondogo za tuni na muda kati ya mara moja na nyingine.

Kinachoharibu zaidi ni miisho ya maneno. Sauti tisa zikifunga "s" kwa nyakati tofauti, utasikia mchakacho mtupu. Mmoja tu aitamke, wengine waishie kwenye irabu. Pumzi vuteni pamoja. Na wa juu aimbe kwa wepesi, maana wimbo wenyewe umebebwa na sauti ya katikati.

Sikilizeni toleo lisilo na vyombo kwenye Anthology 3, albamu ya The Beatles. Pale kila sauti inashikika.