Spika ya mlango inakatakata? Anza na waya

Kaka, kama spika ya mlango wa dereva kwenye hiyo IST yako inaongea mlango ukiwa wazi alafu ukifunga inakata, usikimbilie kununua spika mpya, kagua waya kwanza. Kwenye bawaba kuna mpira mweusi wenye mikunjo unaopitisha waya kutoka kwenye bodi kuingia mlangoni, uchomoe taratibu uangalie mle ndani, waya unakunjwa kila mlango ukifunguliwa na mlango wa dereva ndo unafunguliwa kuliko yote, shaba inakatika ndani kwa ndani huku plastiki ya juu unaiona nzima kabisa. Uvute kidogo, ukiona unarefuka basi ndo huo. Unga kwa risasi ya kulehemu na uongeze kipande cha waya laini, usisokote tu ukapiga tepu maana utakatika tena palepale.

Waya ukiwa mzima ndo ufungue kava la mlango, zima redio, chomoa soketi ya spika upime kwa mita ya umeme (multimeter), spika ya ohms 4 (kipimo cha ukinzani wa umeme) inasoma kati ya 3 na 4 hivi, isiposoma kitu koili (waya uliozungushwa ndani ya spika) imeungua. Huna mita? Gusisha betri ya volti 1.5 kwenye ncha mbili za spika mara moja tu, ikilia tak koili iko hai.

Na tafadhali sana ile nailoni ya ndani ya mlango irudishe vizuri, mafundi wengi wanaichana wanaitupa, matokeo yake maji ya mvua yanapita yanaozesha spika.