"Hutengenezwa na nani?" Swali lililoniangusha miaka mitatu nyuma

Ijumaa iliyopita nimepita mtihani wangu. Nimesimama dakika 20 mbele ya watahini watatu, wameniuliza wakachoka, na nilipotoka nikampigia mama kule Wete, Pemba, nikashindwa kutamka neno. Yeye ndiye aliyesema: "Alhamdulillahi, mwanangu. Lia tu." Wengi mmenitumia salamu, Mungu awalipe kheri. Lakini mwanafunzi mmoja wa Mkoani ameniandikia: "Kaka, mimi nikisimama mbele za watu, yote niliyosoma yananikimbia. Wewe ulifanyaje?" Namjibu hapa, maana najua hayuko peke yake, na jibu lenyewe linaanzia siku niliyoanguka.

Ilikuwa semina yangu ya kwanza. Mada: mnyoo Trichinella spiralis na mishipa ya damu inayoota kwenye msuli anamokaa. Nilikuwa na slaidi 32 na macho mekundu, nimekesha dakhalia siku nne. Slaidi ya 14 naikumbuka neno kwa neno: "Seli ya msuli hugeuzwa kuwa seli mlezi, kapsuli huundwa, na mishipa mipya ya damu hutengenezwa." Mhadhiri mmoja akanyoosha mkono.

"Hutengenezwa na nani?"

Nikasema: na mnyoo.

"Kwani mnyoo ana mishipa ya damu, hata akupe na wewe?"

Sikuwa na jibu. Nilibaki nashika kishikizo cha shati. Ndipo mtu mmoja nyuma akasema, "Kijana wa Kipemba kavuka bahari kuja kusoma mnyoo wa nguruwe," na ukumbi ukacheka. Neno lile bado ninalo kifuani, sitadanganya. Leo ningemjibu. Ningemwambia kwamba mnyoo huyu si wa nguruwe peke yake. Jamaa yake, Trichinella nelsoni, wamemkuta kwenye fisi na simba wa Serengeti hapa hapa nchini. Ningemwambia kuwa Ufaransa na Italia watu wameugua kwa kula nyama ya farasi. Na ningemwambia kuwa aliyemwona kwanza ndani ya msuli wa binadamu, London mwaka 1835, ni James Paget, naye alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa kwanza. Mwanafunzi kama sisi.

Likizo nikarudi nyumbani. Ami yangu analima mpunga bondeni, na asubuhi moja alinichukua tukasafishe mfereji. Nikamsomea ile slaidi, nadhani nilitaka tu mtu anionee huruma. Ami hajasoma sayansi, lakini alinikatiza kila neno. "Hugeuzwa? Na nani? Huundwa? Na nani?" Nikamuuliza kwa nini anashikilia hapo hapo. Akaniambia, bondeni ukisema "maji yamefungwa", kitu cha kwanza utaulizwa kafunga nani, kwa sababu ugomvi wote uko hapo. Akaendelea kuzoa matope.

Usiku ule nilichukua daftari, nikaanza kuzisaka sentensi zangu zote zenye "-w-": hugeuzwa, huchochewa, huundwa. Zilikuwa nyingi mno. Kila moja nikaitafutia mtenda, na kila niliposhindwa kumpata nikajua hapo sijui kitu, nimekariri tu. Baadhi zilinichukua wiki nzima za kusoma.

Ikawa hivi. Mtu anakula nyama isiyoiva. Asidi ya tumbo inamfungua lava, yaani mnyoo mchanga, kutoka kwenye kifuko chake. Lava anahamia utumbo mdogo, anakomaa, na jike anaanza kuzaa watoto ndani ya wiki moja hivi. Watoto wanasafiri na damu mpaka kwenye misuli: ulimi, taya, macho, na ule msuli unaotenga kifua na tumbo. Kila mmoja anaingia ndani ya seli moja ya msuli na kuanza kumwaga protini zake. Seli inaziyeyusha nyuzi zake za kukazia, viini vyake vinavimba, inaacha kazi ya msuli: ndiyo seli mlezi. Inamjengea mgeni ukuta wa kolajeni, protini ngumu ya mwili: ndiyo ile kapsuli. Nilipomwona kwenye darubini alikuwa amejikunja kama springi, urefu wake kama milimita moja, ndani ya kifuko chenye umbo la limau.

Na mishipa? Seli hiyo hiyo ya mwenyeji ndiyo inayotoa VEGF, protini ambayo mwili huitumia kuita mishipa mipya. Kundi la mtafiti wa vimelea Dickson Despommier huko New York lilionesha mwaka 1998 kuwa VEGF inaongezeka ndani ya seli mlezi mapema, wakati bado inajengeka. Mishipa ya jirani inasikia wito, inachipua, inakizunguka kifuko kama wavu. Lava akiingia kwenye msuli, siku 20 hivi baadaye nyumba imekamilika, na mle anaweza kukaa miaka. Mnyoo hachimbi hata mshipa mmoja. Anaitawala seli, seli inaita, na mwili wenyewe unachimba. Ni wito ule ule unaotumiwa na uvimbe wa saratani, jambo ambalo daktari mpasuaji wa Marekani, Judah Folkman, alilisemea tangu 1971 na wengi hawakumsikiliza.

Basi, mdogo wangu wa Mkoani, ushauri wangu ni huo: tafuta mtenda. Ukishika karatasi yako usiku, tafuta mtenda. Usiongeze slaidi, mimi Ijumaa nilikuwa na 9. Yaliyokukimbia hayakuwa yako, uliyaazima kwa mtu yakiwa yamefungwa. Mtu mwenye kujua nani kafanya nini hahitaji kukariri, atasimulia kama anavyosimulia habari za mtaani. Na wakikucheka kwa ulikotoka au kwa unachosoma, waache wacheke, kisha urudi ukiwa na jibu. Sisi watoto wa visiwani tumezoea kudhani elimu ni kusema maneno mazito. Tuache. Kizito ni kumjua mtenda.

Ulinitumia aya yako ya kichocho, iliyoanza: "Kuta za kibofu huharibiwa na damu hutolewa kwenye mkojo." Nilikurudishia, na jana usiku umeniletea hii: "Jike anataga ndani ya mishipa ya kibofu. Yai lina mwiba nchani. Mengine yanapenya yakatoka na mkojo, mengine yanakwama ukutani. Askari wa mwili wanalizunguka yai lililokwama, kovu linajengwa, mishipa mipya huchochewa."

Sentensi ya kwanza mpaka ya tatu, safi kabisa. Ya mwisho nimeipigia mstari mahali pawili. Unijibu kabla ya Alhamisi.