Bastola ya kulinda nyumba Malindi: jibu la mtu aliyelelewa kwenye nyumba yenye bunduki

Wa aleikum salaam ndugu yangu, na pole kwa yaliyokufika. Umeeleza hapa jukwaani kwamba vijana wenye mapanga walivunja mlango wa nyumba yako nje kidogo ya mji wa Malindi, wakamlazimisha shemeji yetu kuwatolea fedha za mauzo ya duka, na tangu siku hiyo usingizi umekukimbia. Unauliza mambo mawili: kama uombe leseni ya bastola, na kama bawabu wako anaweza kukaa nayo getini wewe ukiwa umelala. La pili nitalijibu mwishoni kwa sababu ni fupi. La kwanza linahitaji maelezo, nami nitaanza na niliyoyaishi kabla ya kugusa sheria.

Nimelelewa upande wa bara wa Lamu, si mbali na Witu, katika miaka ya tisini, wakati mabasi ya Malindi na Lamu yalipokuwa yakisindikizwa na askari kwa kuhofia majambazi wa njiani. Marehemu baba yangu alikuwa polisi wa akiba, kazi ya kujitolea isiyo na mshahara, na serikali ilimkabidhi bunduki kongwe iliyokuwa ikilala chumbani mwake. Watu wa nje walituona tumebahatika. Sisi wa ndani tuliishi kwa masharti. Hakuna aliyeruhusiwa kutoka kwenda chooni usiku bila kutaja jina lake kwa sauti, na mgeni aliyekuja kulala kwetu alielezwa sharti hilo kabla hajapewa hata chai. Chumba cha baba alikifagia mama peke yake. Baba aliposafiri, bunduki ilirudishwa kituoni, na mama alikuwa akisema waziwazi kwamba siku hizo ndizo alizolala vizuri.

Usiku mmoja ami yangu alicheleweshwa na basi lililoharibika, akafika watu wamekwisha kulala. Aligonga dirisha la baba badala ya mlango, kwa sababu hakutaka kumwamsha nyanya. Baba aliinuka na bunduki mkononi, na aliponyanyua mtutu akasikia kikohozi. Ami alikuwa na pumu, na kikohozi chake tulikijua sote. Hakuna risasi iliyotoka, asubuhi kisa hicho kikageuzwa mzaha, lakini ami hakulala kwetu tena. Nakuomba uzingatie kwamba baba alikuwa amefunzwa, alikuwa mtulivu, na hakuwa mtu wa kileo. Mtu wa namna hiyo, alipoamshwa ghafla gizani, hakuona zaidi ya kivuli.

Tena hapakuwa na siri. Kijiji kizima kilijua bunduki iko wapi, na bila shaka majambazi pia walijua. Televisheni ya wizi huuzwa kwa bei ya kutupa, ilhali bunduki ya wizi huzaa wizi mwingine. Kwa hiyo baba alihofia kuvamiwa kwa sababu ya bunduki kuliko kwa sababu ya ng'ombe. Wewe pia usidhani kwamba bastola yako itabaki kati yako na mkeo. Watoto huzungumza, vijana wa dukani huona, fundi anayekuja kukaza kasha la chuma ukutani ana rafiki zake.

Sasa nifike kwenye kiini cha rai yangu. Silaha ya nyumbani huwekwa kwa namna mbili tu. Ama imefungiwa kwenye kasha la chuma, risasi zikiwa mbali nayo, na hapo watoto wako salama lakini wewe utahitaji muda wa kuifikia. Ama iko karibu na mto, imejazwa, na hapo wewe uko tayari lakini kila mkono ulio ndani ya nyumba uko tayari vilevile. Sheria yetu inamtaka mwenye leseni aihifadhi silaha mahali salama, isiweze kuibiwa wala kushikwa na asiyeruhusiwa, kwa hiyo ukichagua namna ya pili hukosi kuivunja sheria hiyo. Na ile ya kwanza, hebu ipime kwa vyumba vyetu. Wanaozijua nyumba za mawe za mji wa Lamu wanajua kwamba chumba hakizidi mita 3 kwa upana, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko na boriti hazifiki mbali zaidi ya hapo. Nyumba nyingi za Malindi zilizojengwa kwa matofali vyumba vyake si vikubwa zaidi. Mtu mwenye panga akishavunja mlango wa chumba, hizo mita 3 atazimaliza wewe bado unatafuta ufunguo.

Kuna pia suala la kuta. Ukuta wa matumbawe wa nyumba ya kale ni mnene kiasi cha kuzuia mengi, lakini nyumba yako umesema ina vyumba vya nyuma vilivyotengwa kwa mbao, na huko ndiko analala mama mkweo pamoja na vijana wa dukani. Risasi ya bastola hupenya mbao bila shida. Ukikosa shabaha, na mtu aliyetoka usingizini kwa hofu hukosa mara nyingi, risasi itaelekea kwa watu uliotaka kuwalinda. Bunduki huenda ikafaa nyumba ya watu wachache wanaojulikana. Nyumba zetu za pwani ni za watu wengi: wiki hii yupo mpwa aliyekuja kutafuta kazi, wiki ijayo ni harusi na watoto wa ukoo mzima wamelala ukumbini, na mlango mchana kutwa uko wazi. Huwezi kumweleza kila mmoja masharti aliyokuwa akiyaeleza mama yangu.

Kuhusu utaratibu, nimeupitia kwa sehemu. Nilipofungua duka la vifaa vya ujenzi hapa Malindi nilivunjiwa nyumba, kama wewe, na nikaanza kufuatilia leseni. Sheria inayohusika ni Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na anayetoa cheti ni Bodi ya Leseni za Silaha. Maombi huanzia kwa polisi wa eneo lako, ambao watachukua alama za vidole, watataka cheti cha tabia njema, na watakuuliza sababu za kina. Utahitajika pia kuthibitisha kwamba una akili timamu na kwamba unaweza kuitumia silaha. Cheti hutaja silaha yenyewe na kiasi cha risasi unachoruhusiwa, na huhuishwa kila mwaka. Hata ukikipata, si chako milele: mwishoni mwa mwaka 2018 serikali iliagiza wamiliki wote wenye leseni wakaguliwe upya, na baadhi ya watu waliojiona wako salama wakajikuta wanajieleza kuanzia mwanzo. Ama kununua silaha ya magendo kupitia kwa mtu anayemjua mtu, jambo ambalo mchangiaji mmoja amekudokezea hapo juu, naomba usilifikirie hata kwa mzaha, kwa kuwa kukutwa na silaha bila cheti ni kifungo cha miaka.

Hilo la leseni, hata hivyo, ndilo jepesi. Zito ni siku utakapofyatua. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinasema matumizi ya nguvu katika kujilinda au kulinda mali yataamuliwa kwa misingi ya sheria ya jadi ya Uingereza. Kwa lugha ya kawaida, mahakama itauliza kama ulikuwa hatarini kweli au uliamini hivyo kwa dhati, na kama nguvu uliyotumia ililingana na hatari hiyo. Kijana aliyekushikia panga shingoni ni jambo moja. Kijana anayeruka ukuta akiwa na simu yako ni jambo jingine kabisa, na ukimpiga risasi ya mgongo, mashtaka ya mauaji yatakungoja Mahakama Kuu, ambayo bahati njema au mbaya iko hapa hapa Malindi. Tena katika miji yetu kijana huyo huenda akawa mtoto wa mtu unayeswali naye safu moja. Hilo hakuna wakili atakayekutetea nalo.

Umetaja pia video za Wamarekani wanaoeleza kwamba bastola kando ya kitanda ndiyo kinga bora. Kumbuka kwamba wao wanazungumza kutoka kwenye nchi ambayo katiba inawapa haki hiyo, na Mahakama yao ya Juu ilithibitisha mwaka 2008 kwamba inahusu kuweka bastola nyumbani kwa ajili ya kujilinda. Katiba yetu ya 2010 haina haki ya namna hiyo. Hata huko kwao, takwimu hazisemi yale yanayosemwa kwenye video. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 katika jarida la New England Journal of Medicine ulikuta kwamba nyumba yenye bunduki ilihusishwa na hatari ya mauaji ya nyumbani iliyo kubwa takriban mara 2.7 kuliko nyumba isiyo nayo. Wapinzani walisema, na si bila hoja, kwamba huenda wanaonunua bunduki ni wale waliokwisha kuwa hatarini. Lakini mwaka 2020 jarida hilo hilo lilichapisha utafiti wa watu wazima zaidi ya milioni 26 wa California, na ikaonekana kwamba wanaume wenye bastola walikufa kwa kujipiga risasi wenyewe takriban mara 8 kuliko wanaume wasiokuwa nayo. Jambo hili kwetu halizungumzwi kwa sababu ya haya. Hata hivyo, sote tunamjua kijana aliyekaa mwaka mzima chumbani bila kazi, haongei na mtu. Nyumba ya kijana kama huyo isiwe na silaha.

Mchangiaji mwingine ameleta hoja ya magaidi, akikumbusha shambulio la mji wa Mpeketoni, huko Lamu, Juni 2014. Namheshimu, kwani sisi wa Lamu tuna makaburi ya miaka ile, lakini waliovamia Mpeketoni walikuwa kundi lenye bunduki za kivita na hata kituo cha polisi walikishambulia. Bastola ya mwenye duka isingewazuia. Na vikosi vya serikali vinapoingia gizani baada ya tukio kama hilo, raia anayeonekana uani na silaha mkononi atajitambulisha vipi kabla hajapigwa?

Sisemi kwamba hakuna anayestahili. Mtu anayeishi peke yake na mwenzi wake kwenye shamba la mbali, aliyewahi kuwa askari, anayepata nafasi ya kufanya mazoezi ya shabaha mara kwa mara na mwenye kasha lililokazwa kwa zege, huyo sina hoja ya kumzuia. Wewe sivyo ulivyojieleza.

Mimi niliacha maombi yangu njiani na fedha nikazielekeza kwingine. Kwanza, mauzo ya siku hayaingii nyumbani. Huwekwa benki au kwenye simu kabla ya magharibi, na nilihakikisha vibarua, wachuuzi na waendesha bodaboda wa pale nje wanalijua hilo. Waliokuvamia walijua fedha ziko nyumbani, na hiyo ndiyo iliyowaleta. Pili, niliweka mlango wa chuma kwenye ushoroba unaoingia vyumbani, wenye komeo la ndani, ili familia nzima iwe upande mmoja na aliyevunja mlango wa mbele awe upande mwingine huku sisi tukipiga simu. Nambari 999 na 112 hufanya kazi, lakini polisi huchukua muda, na komeo ndilo linalokununulia muda huo. Tatu, taa za sola uani, na namba za simu za majirani ambao kweli wataamka. Nyumba Kumi, yaani mpango wa majirani kulindana, ni nzuri pale tu watu wake wanapojuana. Kwetu mwenyekiti alikuwa halali mapema na hilo lilisaidia kuliko mikutano yote. Nne, mbwa, ambaye kwa ulinzi anaruhusiwa kidini, ingawa mama yangu alinuna mwezi mzima.

Kuhusu bawabu: haiwezekani. Cheti ni cha mtu aliyetajwa ndani yake, na kumkabidhi silaha mtu asiye na cheti ni kosa kwako na kwake. Mabawabu wa kampuni za ulinzi hapa Kenya hawabebi bunduki. Mpe bawabu wako filimbi yenye sauti kali, tochi ya kuchaji, simu yenye salio, na kibanda ambacho hakionekani kutoka barabarani. Na umlipe kwa wakati, kwa sababu wezi wengi hupata habari za ndani kutoka kwa mlinzi anayedai mshahara wa miezi iliyopita.