Kabla ya Kuulizia Nyumba, Ulizia Jina Lako

Pale sokoni Jinja, hapa Uganda, mtu akisikia nimepata mkopo wa nyumba, swali lake la kwanza huwa ni benki gani, na la pili ni riba kiasi gani. Ni maswali mazuri ila yanakuja mapema. Kwa mtu aliyewahi kushindwa kulipa deni, kama mimi, kuna swali linalotangulia: umeshaisoma ripoti yako ya mikopo? Wengi hawajaisoma. Wanachokijua ni maneno ya kibanda kwa kibanda, kwamba ukishaingizwa CRB, zile ofisi za kumbukumbu za mikopo, umekwisha, hakuna benki itakayokutazama tena. Wengine wanaamini kinyume chake, kwamba siku ukimaliza kulipa, jina linasafika lenyewe. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo kweli.

Deni langu halina hadithi ndefu. Machi 2020, serikali iliposimamisha biashara za masokoni zisizo za chakula, nilikuwa na marobota ya vitenge na mitumba niliyonunua kwa pesa za watu watatu: benki, sako yetu (chama cha kuweka akiba na kukopa), na mkopeshaji binafsi wa mjini. Nyanya na matoke viliendelea kuuzwa, vitenge vikabaki kwenye vifurushi. Benki Kuu ya Uganda iliruhusu mikopo ya walioathirika ipangwe upya, kuanzia tarehe 1 Aprili 2020 kwa miezi 12, lakini mteja ndiye aliyepaswa kwenda kuomba. Niliomba, nikapewa. Sako walinisubiri kidogo, kisha wakachoka. Mkopeshaji hakusubiri hata kidogo. Soko lilipofunguka, mtaji ulikuwa umeshaliwa na kodi ya nyumba na chakula, na madeni mawili yakalala bila kulipwa.

Sasa tuje kwenye hizo CRB zenyewe. Ni ofisi zilizopewa leseni na Benki Kuu kukusanya kumbukumbu za mikopo. Ya kwanza, Compuscan, ilianza kazi mwaka 2008, na waliokopa miaka ile watakumbuka kuchukuliwa alama za vidole ili kupewa ile kadi ya plastiki. Baadaye zikaja Metropol na gnuGrid. Siku hizi kinachokutambulisha ni NIN, namba ya kitambulisho chako cha taifa. Kanuni mpya za mwaka 2022 zilifungua mlango pia kwa wakopeshaji wasio benki, zikiwemo sako, kupeleka na kusoma taarifa humo. Maana yake kwetu watu wa soko ni kwamba lile deni dogo la pembeni, ambalo zamani benki isingelijua hata ungelificha, sasa linaweza kuonekana kwenye karatasi ileile.

Nilipoomba ripoti yangu nilitegemea kukuta madeni mawili. Nilikuta matatu. La tatu lilikuwa mkopo wa simu, shilingi 35,000, uliokaa muda mrefu bila kulipwa, kwenye laini ambayo sikuwa nimeigusa tangu niinunue. Nilikaa nayo karatasi ile nikiwaza, mpaka nikakumbuka: laini ile niliisajili kwa kitambulisho changu nikampa mpwa wangu, mwendesha boda boda, ambaye wakati ule hakuwa na kitambulisho. Alikuwa amekopa pesa ya mafuta. Hakuwa na nia mbaya, na kwa kweli hakujua kwamba mkopo wa simu unaandikwa jina la mwenye laini. Alipoibiwa simu, mkopo ukabaki.

Nalisimulia hili kwa sababu nimelikuta kwa watu wengi mno. Tangu MoKash, huduma ya kukopa kwa simu, ilipoanza hapa Uganda mwaka 2016, mikopo ya simu imekuwa jambo la kawaida kama kununua salio. Ada ya asilimia 9 kwa siku 30 haionekani kitu ukikopa 20,000, kwa hiyo mtu anakopa, anabadilisha laini, anasahau. Lakini kompyuta haijali kwamba ni 20,000. Inaandika tu kwamba hukulipa kwa wakati. Afisa wa benki anayepitia maombi yako ataona mstari huo kabla hajaona sura yako. Kwa hiyo nenda kwenye ofisi ya kampuni ya simu na kitambulisho chako, uliza laini zote zilizosajiliwa kwa jina lako, na zile zisizo zako zihamishiwe wenyewe au zifungwe. Mpwa wangu sasa ana kitambulisho chake, laini yake na madeni yake.

Kuhusu kulipa, watu hunishauri niwaambie wanaoniuliza waanze na deni kubwa. Mimi naona afadhali uanze na yale madogo ya simu, kwa sababu yanaisha haraka na kila moja ni mstari unaofutika kwenye orodha ya unayodaiwa. Kisha nenda kwa wakubwa ukiwa na kitu mkononi. Usiende kuomba msamaha tu. Nenda na kiasi, hata kama ni nusu, useme: deni la msingi ni hili, riba na faini za kuchelewa zimefika hapa, mimi naweza kulipa hiki chote leo na kilichobaki kwa awamu hizi, je, mtanipunguzia faini? Mkopeshaji aliyekata tamaa juu ya deni lako mara nyingi yuko tayari kusikiliza. Ila mkikubaliana, makubaliano yaandikwe kabla pesa haijatoka mfukoni. Na usimkabidhi pesa taslimu kijana wa kukusanya madeni anayekuja kibandani, hata kama mmezoeana. Lipa kwenye akaunti ya taasisi au kwa namba yao rasmi ya simu, ili ubaki na ushahidi.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanalipa shilingi ya mwisho, wanapewa mkono, wanakwenda nyumbani kupika wali. Ukimaliza deni, dai barua. Iwe na jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya mkopo, tarehe ya kumaliza, na maneno yanayosema wazi kwamba hudaiwi tena. Kama uliweka hati ya kiwanja, hakikisha umerudishiwa hati yenyewe pamoja na karatasi za kuondoa rehani, kisha uzipeleke mwenyewe ofisi ya ardhi zisajiliwe. Najua mwanamke aliyelipa mkopo wote, akapewa hati yake, akaifunga kabatini. Alipotaka kuitumia tena miaka baadaye, upekuzi ulionyesha rehani bado ipo.

Na barua peke yake haitoshi. Aliyekukopesha ndiye anayepeleka taarifa CRB kwamba umelipa, na akisahau, wewe ndiye unayeumia. Subiri kidogo, kisha omba ripoti tena ulinganishe. Nilikuta sako wamefunga deni, lakini taasisi nyingine bado ilinionyesha nadaiwa. Niliandika kwa pande zote mbili, kwa mkopeshaji na kwa CRB, nikaambatanisha nakala ya barua na risiti. Ilirekebishwa, ingawa si bila kufuatilia. Benki ikikuzungusha, Benki Kuu ina miongozo ya kulinda wateja tangu 2011 na inapokea malalamiko. Kwa wakopeshaji binafsi, anayewasimamia ni UMRA, mamlaka ya mikopo midogo, chini ya sheria ya mwaka 2016.

Kuna ushauri mmoja unaozunguka vijiweni ambao sitaki uufuate: kwamba deni likipita miaka 6 limekufa. Miaka 6 ni muda wa mtu kukushtaki mahakamani kwa deni la mkataba. Ukilipa kidogo katikati au ukiandika barua ya kukiri deni, hesabu inaanza upya. Na hata mahakama ikikuacha, afisa wa mikopo bado ana haki ya kukataa kumpa nyumba mtu aliyejificha miaka 6.

Baada ya kufuta ya zamani, kinakuja kipindi kinachochosha kuliko vyote: kujenga mwenendo mpya unaoonekana. Sisi wafanyabiashara wadogo pesa yetu inapita mkononi. Unauza asubuhi, unanunua mzigo jioni, na benki haikuona kitu. Nilianza kupeleka mauzo kwenye akaunti kila jioni, hata siku ya 40,000, halafu nalipia mzigo kutoka kwenye akaunti hiyohiyo. Makato yanauma, sikatai. Lakini ukienda kuomba mkopo, taarifa ya akaunti inaongea kwa niaba yako, pamoja na leseni ya biashara na TIN, namba ya mlipakodi, ya URA, mamlaka ya mapato. Sambamba na hayo nilirudi sako, nikaweka akiba, kisha nikachukua mkopo mdogo, mdogo kuliko akiba yenyewe, nikaulipa kabla ya tarehe. Baadaye nikachukua mwingine mkubwa kidogo. Sikuwa na haja na pesa ile. Nilikuwa na haja ya mtu yeyote kuandika mahali kwamba nimekopa na nikalipa kwa wakati.

Kipindi hicho usimdhamini mtu. Nasema hivi nikijua tunavyoishi. Dada yako anakuja na fomu, shemeji yuko nje ya geti, ada za shule zinatakiwa Januari, na wewe ndiye uliyesimama naye msibani. Kumwambia hapana ni kama kumfukuza. Niliwahi kumwambia dada yangu mkubwa: sitakudhamini, lakini chukua hiki, usinirudishie. Ilikuwa pesa kidogo kuliko alichotaka na alininunia mpaka Idi. Bado naona nilimpa kilichonigharimu kidogo, maana mdhamini analipa kama mkopaji, na jina linalochafuka ni la wote wawili.

Wala usilipe deni la zamani kwa kukopa kwa mkopeshaji binafsi. Anayekutoza asilimia 10 kwa mwezi amekutoza 120 kwa mwaka, hata kabla ya faini. Benki zetu kwa shilingi zimekuwa zikizunguka karibu na 18 kwa mwaka, na hizo zenyewe tunazilalamikia.

Ukifika sasa kwenye nyumba, fanya hesabu kabla ya kupenda rangi ya ukuta. Shilingi milioni 50 kwa asilimia 18, kwa miaka 10, ni kama 900,000 kila mwezi, jumla kama milioni 108. Kwa asilimia 16 mwezi unashuka hadi kama 838,000, na tofauti ya miaka yote 10 inapita milioni 7. Hiyo ndiyo thamani ya jina safi kwa shilingi: mtu mwenye kumbukumbu nzuri ana mdomo wa kubishana riba. Pia tangu 2022 Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 85 ya thamani kwa mikopo ya ardhi na nyumba, kwa hiyo angalau 15 inatoka kwako. Kwa ndugu zangu Waislamu wanaokwepa riba, sheria iliruhusu benki ya Kiislamu tangu 2016, na Salaam Bank ilipata leseni mwaka 2023. Huko nako wataitazama historia yako ya kulipa, usidhani mlango ni wazi tu.

Jambo la ardhi ndilo linalowakwaza hata wenye majina safi. Sisi wa Jinja tukivuka Nile kwenda Njeru tunaona viwanja vya bei nafuu, lakini kule ni Buganda, na vingi ni vibanja, yaani haki ya kukaa tu, juu ya ardhi ya mailo, ardhi ambayo hati yake ni ya mtu mwingine. Kibanja ni haki halali inayolindwa na sheria, unaweza kujenga na kuishi. Ila benki itakapoomba hati ya kusajili rehani, makubaliano yaliyopigwa mhuri na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, hayatoshi. Fanya upekuzi ofisi ya ardhi mwenyewe, uone jina la mwenye hati, rehani na kaveti (mazuio) zilizopo. Usitume dalali akufanyie, maana analipwa ukinunua, halipwi ukiacha.

Kama umeolewa au umeoa, mwenzako lazima aridhie kwa maandishi nyumba ya familia ikiwekwa rehani. Sheria ya Rehani ya mwaka 2009 inadai hivyo, na benki haitakuruhusu kulikwepa. Kwa hiyo yale madeni ya zamani uliyokuwa ukimficha mume, mwambie kabla hajayasikia kwa afisa wa benki. Sheria hiyohiyo inasema ukishindwa kulipa unapewa notisi ya siku 45 za kazi, na notisi nyingine ya siku 21 za kazi kabla ya kuuzwa. Hizo ni siku za kwenda kuzungumza na benki, usizitumie kujificha.

Na tenga pesa ya pembeni tangu mwanzo. Ushuru wa stempu wa kuhamisha ardhi ni asilimia 1.5 ya thamani, kuna wa kusajili rehani, kuna mthamini, kuna wakili, kuna bima. Nimeona mtu aliyeidhinishiwa mkopo akakwama kwa sababu ya hizo tu, akaenda kukopa kwenye simu ili amalizie. Benki ilipokagua ripoti yake kwa mara ya mwisho kabla ya kutoa pesa, ilikuta mkopo mpya aliouchukua siku tatu kabla, ikamrudisha nyuma kuanza maombi upya.